Fadhila za Walutheri na Shukurani Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.



Mwezi uliopita ilitufikia barua ya mama mmoja wa Jeddah, mzaliwa wa milima ya Usambara. Mama yake mzazi, ambaye umri umemwendea, alianguka akavunjika nyonga, akalazwa katika hospitali ya Walutheri na kuuguzwa kwa wiki nyingi. Wauguzi walimletea maji ya udhu kila alfajiri kabla ya zamu yao kwisha. Na walipomwona anajipinda kitandani ili aelekee Kibla, walikisogeza kitanda chenyewe. Hakuna aliyewaomba kufanya hivyo. Sasa binti yake anatuuliza: je, yamfaa yeye, Mwislamu akaaye mwendo wa saa moja kutoka Makka, kupeleka shuka na fedha kidogo katika hospitali ya kanisa kwa njia ya shukurani? Au atakuwa anaitia nguvu dini isiyokuwa yake?

Swali hili tulilizungumza katika baraza letu, Riyadh na Jeddah pia, na hatukuafikiana upesi. Ndiyo maana twaona lastahili safu nzima ya mwezi huu.

Yafaa kwanza tujue tunamzungumzia nani. Walutheri ni Wakristo wanaofuata mafundisho ya Martin Luther, yule mtawa wa Kijerumani aliyewapinga wakuu wa kanisa lake mwaka 1517. Wamisionari wao walifika Dar es Salaam mwaka 1887 na Kilimanjaro mwaka 1893. Makanisa saba ya namna hiyo yaliungana tarehe 19 Juni 1963, likapatikana Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambalo sote twaliita KKKT. Hii leo ni miongoni mwa makanisa makubwa ya Kilutheri ulimwenguni, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, mwaka 1977. Si wageni kwetu, basi. Ni majirani, na katika koo nyingi za Wapare na Wasambaa ni mashemeji na binamu.

Mkono wao twaufahamu zaidi kwa upande wa tiba. Hospitali ya Bumbuli imesimama katika wilaya ya Lushoto, ambako Waislamu ni wengi. Haydom ilianzishwa na Walutheri wa Norwe mwaka 1955, mahali ambapo mgonjwa alikuwa hana pa kukimbilia. Na ile KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, iliwekwa chini ya Shirika la Msamaria Mwema, ambalo liliundwa na makanisa, la Kilutheri likiwemo. Jina lenyewe lina maana yake: katika hadithi ya Wakristo, Msamaria ni yule mpita njia aliyemwokota majeruhi asiyekuwa wa kabila lake wala wa madhehebu yake. Ni nani miongoni mwetu watu wa Tanga, Pangani au Korogwe ambaye hana jamaa aliyewahi kupelekwa KCMC? Mapokezi huulizwa jina, na mara nyingi jina ni Fatuma au Ramadhani, na mlango haufungwi.

Kisha kuna wakimbizi. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu walivuka Ruvuma kwa maelfu, na makazi yao ya Rutamba, karibu na Lindi, yaliendeshwa na TCRS, shirika lililoanzishwa chini ya Shirikisho la Kilutheri mwaka huohuo wa 1964. Waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walisaidiwa na shirika hilo hilo kufyeka misitu na kujenga Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Katika kambi za Dadaab, nchini Kenya, ambazo zilifunguliwa mwaka 1991 na wakazi wake karibu wote ni Wasomali Waislamu, watoto wengi wamesoma katika shule zilizoendeshwa na Shirikisho hilo. Na pale Baitul Muqaddas, juu ya Mlima wa Mizeituni, ipo hospitali ya Augusta Victoria, ambayo Walutheri waliifungulia milango wakimbizi wa Kipalestina mwaka 1950. Humo hutibiwa wagonjwa wa saratani kutoka Ukingo wa Magharibi, na kabla ya vita vya mwaka 2023 walifika kutoka Ghaza pia. Sisi tunaoomba kila Ijumaa kwa ajili ya watu wa Palestina, yatupasa walau kujua ni nani anayewapa dawa.

Hayo ndiyo mazuri. Lakini hatungekuwa waaminifu kama tungeyanyamazia yale ambayo wazee wetu katika baraza waliyasema, tena kwa uchungu.

Walisema: shule za misheni wakati wa ukoloni zilikuwa mlango wa elimu na mtego kwa pamoja, mtoto wa Kiislamu aliitwa Petro darasani, na mzazi aliyekataa alirudi naye shambani. Matunda ya kukosa elimu yale tumeyala mpaka leo. Wakasema tena: mwaka 1992 Serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba wa maelewano na makanisa, Katoliki pamoja na yale ya Jumuiya ya Kikristo ambamo KKKT imo, na kwa mkataba huo fedha za umma husaidia shule na hospitali za makanisa. Hospitali Teule ya wilaya huweza kuwa ya kanisa, na mishahara ikatoka hazina. Basi shukurani ya nini, wakauliza, ikiwa kodi ya Mwislamu imo ndani ya kila sindano?

Hoja hiyo ina uzito, na si ya kupuuzwa kwa tabasamu. Malalamiko juu ya mkataba wa 1992 ni halali kuyatoa, na mahali pake ni Bungeni, mahakamani na katika magazeti. Ila sisi twaona kuna mambo mawili yaliyochanganywa hapa. Deni la Serikali kwa raia wake ni jambo moja. Muuguzi aliyeamka alfajiri akachota maji ya udhu kwa ajili ya bibi asiyemjua ni jambo jingine. Mshahara wake haukumwagiza hilo, wala mkataba haukulitaja. Kumnyima yeye ahsante kwa sababu ya kosa la watu wa Dodoma au la mmisionari aliyekufa kabla hajazaliwa, huko ni kumdhulumu.

Na dini yetu haikutuacha gizani. Bibi Asmaa binti Abubakar (R.A.) alijiwa na mama yake Madina, naye mama huyo alikuwa bado mshirikina. Asmaa hakujua afanye nini, akaenda kumuuliza Mtume (S.A.W.), naye akamwamrisha aunge udugu na mama yake. Swali lake na swali la mama yetu wa Jeddah ni watoto wa tumbo moja. Wafasiri kadhaa huitaja habari hiyo wanapoieleza Aya ya 8 ya Sura Al-Mumtahina, inayotuelekeza kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wakazi wa Jeddah tuko karibu nalo kuliko Waislamu wengi duniani. Kusini ya mji, ufukweni, pana mahali paitwapo Shuaiba. Siku hizi pana mtambo mkubwa wa kuyaondoa chumvi maji ya bahari, na maji yake hunywewa Jeddah na Makka. Wengi wetu twapajua kwa kwenda kupunga upepo na watoto. Lakini zamani Shuaiba ndiyo iliyokuwa bandari ya Makka, na ni hapo, kwenye mwaka 615, walipofika kwa siri wanaume 11 au 12 na wanawake wanne, miongoni mwao Sayyidna Uthman na mkewe Ruqayya, binti ya Mtume (S.A.W.). Walikuta majahazi mawili ya wafanya biashara, wakalipa nusu dinari wakavushwa kwenda Uhabeshi. (Uthman huyo huyo, alipokuwa Khalifa, ndiye aliyeihamishia bandari Jeddah, yaonekana hakuisahau safari ile.)

Walikwenda kwa nani? Kwa mfalme Mkristo, Najashi. Makureshi waliwatuma Amr bin Aas na mwenzake wenye zawadi za ngozi nzuri ili wakimbizi warudishwe. Najashi aliwaita Waislamu, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib akisoma katika Sura Maryam, kisha akazirudisha zawadi na kuwaacha wageni wake wakae kwa amani. Wengine walikaa mpaka mwaka wa saba wa Hijra, miaka 13 hivi. Vitabu vya Sira vyasimulia pia kwamba ujumbe wa Najashi ulipofika Madina, Mtume (S.A.W.) alisimama kuuhudumia kwa mikono yake mwenyewe, na masahaba walipotaka kumpokea kazi hiyo akawaeleza kwamba watu hawa waliwakirimu wenzetu, naye apenda awalipe. Twawaomba wasomaji wapatafakari hapo. Hakutuma mtumishi.

Kwa hiyo jibu letu kwa mama yetu ni hili: shuka na zipelekwe. Zaka ina wenyewe waliotajwa katika Sura At-Tawba, na juu ya zaka awaulize masheikh. Lakini hidaya na sadaka mlango wake ni mpana. Twaongeza tahadhari moja ya kidunia. Sheria ya nchi hii hairuhusu kukusanya michango bila kibali, kwa hivyo safu hii haianzishi mfuko wowote. Kila anayetaka kutoa, achukue chake katika mzigo wake wa likizo, akakikabidhi kwa mkono wake, na awaone wauguzi uso kwa uso. Ni afadhali hivyo kuliko hundi.

Wala asione haya kwa udogo wa zawadi. Tuliokulia milimani tumeiona ibada ya Jumapili inavyokwisha katika sharika za Walutheri: asiyekuwa na fedha huleta mayai, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, hata jogoo, na vitu hivyo hunadiwa uwanjani. Kijana wa Kiislamu apitaye njia huweza kununua jogoo kwa bei nzuri, na hakuna anayemwuliza amekuja kufanya nini. Mgeni akiingia ndani husimamishwa, akaulizwa atokako, akakaribishwa na watu wote. Na wanapokuwa na harusi au kipaimara cha mtoto, huja mtu hodi nyumbani kwa Mwislamu kuomba aende akachinje, ili majirani wote waweze kula. Twadhani wema huu hatujaupima sawasawa. Mwenye ng'ombe amekubali kwamba ng'ombe wake achinjwe kwa jina na kwa utaratibu wa dini nyingine, katika sherehe ya kanisa lake, kwa sababu tu hataki jirani yake akae na njaa mezani pake.

Desturi hiyo si chuma, huvunjika. Mwaka 2012 makanisa kadhaa ya Mbagala yalishambuliwa, la Kilutheri likiwa miongoni mwao, kwa ugomvi ulioanzia kwa watoto wawili. Mwaka 2013, mkoani Geita, ubishi juu ya nani achinje ulifika hadi mtu kuuawa. Sisi tulio mbali huzipokea habari kama hizo kwa simu usiku, na ni rahisi kuzishabikia tukiwa huku, ambako hatutakutana na mjane yeyote sokoni.

Tunabakiwa na jambo ambalo barua haikuliuliza, nasi twaona ndilo zito kuliko yote. Huku sisi ndio wenyeji. Wamo Riyadh na Jeddah dada zetu kutoka Kilimanjaro, Mbeya na Bukoba, na wengine wengi kutoka Kenya na Uganda, wauguzi na watumishi wa nyumbani, ambao ni Wakristo. Hapa hakuna kanisa la kwenda Jumapili, wala mtu wa kuwasimamisha na kuwauliza watokako. Tumesikia kwa masikio yetu, katika mikusanyiko ya akina mama, binti akiulizwa dini yake kabla ya kuulizwa kama amekula. Tumesikia pia kwamba binti mmoja Mlutheri, aliyekuwa amefiwa na baba yake huko Marangu, alikaa juma zima pasi na mtu wa kumpa pole kwa lugha yake, ilhali familia nne za Kiswahili zaishi jengo lilelile.

Hatusemi mtu avunje sheria za ukaazi au aingilie mambo ya kafili na mfanyakazi wake. Mwenye shida ya namna hiyo apelekwe ubalozini mapema. Wala hatusemi mtu ashiriki ibada isiyo yake. Sahani ya wali, nafasi ya kuketi, neno la Kiswahili na simu ya kumpigia mama yake, hayo hayahitaji fatwa. Akina mama wa Riyadh wamekubaliana kwamba Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, baada ya Alasiri, nyumba moja itakuwa wazi kwa kila binti wa Afrika ya Mashariki aliye na ruhusa ya kutoka, awe Mwislamu au asiwe. Zamu ya kupika itaandikwa katika karatasi itakayoambatana na toleo lijalo. Akina mama wa Jeddah wanaotaka kufanya kama wao watuandikie kabla ya mwezi kwisha, wakitaja mtaa wao na idadi ya wageni wanaoweza kuwapokea.