Skuli Zimeongezeka, Daftari la Mahudhurio Bado Lina Mapengo

Kila ifikapo tarehe 23 Septemba, Zanzibar huadhimisha tangazo la elimu bila malipo lililotolewa na Rais wa Kwanza, Mzee Abeid Amani Karume, mwaka 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi. Katika maadhimisho hayo hutajwa idadi ya skuli zilizojengwa, madarasa yaliyofunguliwa na wanafunzi walioandikishwa. Hesabu ambayo haisikiki sana ni ile ya viti vilivyokaliwa katika siku ya kawaida, katikati ya muhula, mvua inaponyesha au bahari inapokupwa. Mtoto huandikishwa mara moja, lakini huhudhuria au hukosa kuhudhuria karibu siku 200 kwa mwaka, na mwalimu anayeita majina kila asubuhi ndiye anayejua tofauti iliyopo baina ya mambo hayo mawili.

Sheria ipo. Sheria ya Elimu Namba 6 ya 1982 inamwajibisha mzazi kumpeleka mtoto skuli, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inalinda haki ya mtoto ya kupata elimu. Masheha na kamati za skuli nao hufuatilia watoro katika shehia zao. Hata hivyo utoro haujaondoka, na sababu yake haiwezi kuelezwa kwa uzembe wa wazee peke yake. Mzazi anayetajwa kuwa mzembe mara nyingi ndiye huyo huyo anayehakikisha kuwa mwanawe hakosi chuoni kwa mwalimu wa Kurani hata siku moja.

Jambo hilo si geni katika kisiwa cha Unguja. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha Idara ya Elimu mwaka 1907, ilitarajia kuwa watoto wangejaa katika skuli zake. Haikuwa hivyo. Skuli kadhaa za mashamba zilifunguliwa na nyingine zikafungwa kwa kukosa wanafunzi. Wazee waliona kwamba saa za skuli zinachukua saa za chuo, na kwamba mtoto anafundishwa kusoma kwa herufi za Kirumi kabla hajahitimu Kurani, ilhali nyumbani barua na hesabu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Maofisa wa wakati ule waliliita jambo hilo kuwa ni ujinga wa wenyeji. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini kwa utawala kukubali kuyaingiza masomo ya Kurani na walimu wake ndani ya mfumo wa skuli. Kufikia miaka ya 1940 mpango huo ulikuwa umeanza kuchukua nafasi, na wazee wa mashamba wakaanza kuwaachia watoto wao. Wazee walikuwa ni wale wale waliokataa hapo awali. Kilichobadilika ni ratiba, na imani waliyokuwa nayo juu ya skuli.

Makanisa ya Mji Mkongwe nayo yana historia inayofanana na hiyo. Jiwe la msingi la Kanisa la Anglikana la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo. Askofu Edward Steere alikifahamu vyema Kiswahili na watu walimsikiliza, lakini waliobatizwa na kusoma katika skuli za misheni za Kiungani na Mbweni walikuwa zaidi ni watumwa waliokombolewa kutoka majahazini na watoto wao. Wenyeji wa kisiwa hawakuwapeleka watoto wao, wakihofia dini yao. Kundi la waliokombolewa lilipohamishiwa Masasi mwaka 1876, sehemu ya waumini iliondoka nalo. Leo mabenchi ya Mkunazini na ya Minara Miwili yanawategemea kwa kiasi kikubwa wakaazi wenye asili ya Tanzania Bara, wakiwemo wafanyakazi wa hoteli. Biashara ya hoteli haina Jumapili. Mpishi mwenye zamu ya asubuhi katika hoteli ya Paje hawezi kuwa mjini kwa ibada ya saa mbili, hata akiwa muumini mwenye bidii kiasi gani.

Paje hiyo hiyo, pamoja na Jambiani na Bwejuu, ndiyo inayoonesha wazi zaidi namna ratiba ya nyumba inavyogongana na ya skuli. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza katika ukanda huo mwaka 1989, na kwa sehemu kubwa kimekuwa kazi ya wanawake. Mwani haulimwi wakati wowote mtu atakapo. Hulimwa maji yanapotoka sana, yaani siku za bamvua, ambazo hurudi mara mbili kwa kila mwezi mwandamo. Katika pwani ya Unguja maji ya bamvua hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati ambapo mwanafunzi wa mkondo wa asubuhi anapaswa kuwa katikati ya masomo. Mama anayekwenda kufunga kamba anahitaji mikono, na mtoto mdogo aliyebaki nyumbani anahitaji mlezi. Mlezi huyo kwa kawaida ni dada yake mwenye umri wa kwenda skuli. Maji mafu yakirudi, naye hurudi darasani. Mwalimu asiyejua hesabu ya maji humwona kuwa ni mtoro sugu, wakati kukosa kwake kunafuata mwezi kwa utaratibu kuliko hata kengele ya skuli.

Kwa wavulana tatizo lina sura nyengine. Wavuvi wa Nungwi na vijiji vyengine huenda dago, wakapiga kambi mbali na kwao kwa wiki kadhaa, na kijana anayefuatana na baba au mjomba hurudi akiwa na fedha mkononi na masomo ya muhula mzima yamempita. Kuna pia mvuto wa utalii. Kijana wa Kendwa huwaona papasi wasio na cheti chochote wakizungumza Kitaliano na kupata kwa siku moja fedha ambazo mwalimu wake huzipata kwa siku nyingi. Si rahisi kumshawishi kwa hotuba. Anachokiona ni kweli, isipokuwa hajaona bado kwamba nafasi za mapokezi, uhasibu na usimamizi katika hoteli zile zile humtaka mtu aliyemaliza Kidato cha Nne na kuendelea.

Mjini sababu ni nyengine kabisa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, kutoka 1,303,569 mwaka 2012, na karibu nusu yao wanaishi katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Familia zimehamia pembezoni, ilhali skuli za zamani kama Darajani, Vikokotoni na Forodhani zimebaki katikati ya mji au karibu yake. Mwanafunzi anategemea daladala, na nauli yake ndogo humfanya awe wa mwisho kuruhusiwa kupanda. Akichelewa mara tatu na kurudishwa getini, siku ya nne huona ni nafuu asiende.

Athari za utoro hazionekani siku ile ile. Mtoto aliyekosa siku chache kila mwezi katika darasa la pili hajifunzi kusoma sawasawa. Mtihani wa Darasa la Nne humfichua, na ule wa Kidato cha Pili humtoa. Kwa msichana, kukosa mfululizo mara nyingi ni hatua ya kwanza kuelekea ndoa ya mapema. Zanzibar ilikwisha kuwaruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi skuli kabla ya Tanzania Bara kutoa uamuzi kama huo mwezi Novemba 2021, lakini anayerudi na mtoto mgongoni hurudi kwenye ratiba ile ile iliyomshinda mwanzo.

Serikali ya Awamu ya Nane, chini ya Rais Dkt. Hussein Ali Mwinyi, imejenga skuli za ghorofa mjini na mashamba kwa lengo la kupunguza msongamano na kuondoa mikondo miwili. Hatua hiyo inajibu moja kwa moja tatizo la Mjini Magharibi. Kuna jambo moja, hata hivyo, linalostahili kuangaliwa mapema. Kwa miaka mingi mikondo miwili imewapa watoto nafasi ya chuo: anayesoma skuli mchana huenda chuoni asubuhi, na anayesoma asubuhi huenda chuoni alasiri. Mkondo mmoja wenye siku ndefu utaibana nafasi hiyo. Ikiwa walimu wa vyuo na kamati za skuli hawatakaa pamoja kupanga saa, mvutano uliozikosesha wanafunzi skuli za mwaka 1907 unaweza kurudi, safari hii ndani ya majengo ya ghorofa.

Kwa skuli za pwani ya mashariki hatua nyengine haigharimu chochote. Siku za bamvua za mwaka mzima hujulikana tangu Januari, kwa jadweli la maji au kwa mzee yeyote wa kijiji. Mwalimu mkuu wa Jambiani anaweza kuziweka pembeni ya kalenda yake, akapanga mitihani ya majaribio na masomo mapya katika siku za maji mafu, na akaliomba baraza la sheha lijadili nani atakaa na watoto wadogo wakati mama zao wako baharini.