Vipaji vya riadha shuleni visiachiwe madalali

WAHENGA walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika riadha ya shule zetu za upili, methali hiyo imeingia walakini. Kijana anaweza kushinda mbio za mita 5,000 katika kaunti yake miaka miwili mfululizo, akamaliza Kidato cha Nne na gredi nzuri, na bado asijulikane na kocha hata mmoja wa vyuo vikuu vya Marekani vinavyosaka watu wa aina yake. Aliyemaliza nyuma yake huenda akaipata nafasi hiyo kwa sababu tu mjomba wake anamfahamu mtu anayemfahamu kocha.

Katika pengo hilo ndimo anamoingia dalali.

Njia yenyewe si ngeni kwa Wakenya. Mapema katika miaka ya 1960, Stephen Machooka alikuwa akivuma katika mbio za nyika akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell. Henry Rono, akisomea Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 katika muda wa siku 81. Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Paul Ereng na Peter Rono walitwaa dhahabu za mita 800 na 1,500 wakiwa wanafunzi wa vyuo vya huko. Sally Kipyego alianzia chuo kidogo cha Texas, South Plains, akahamia Texas Tech alikosomea uuguzi, kisha akanyakua nishani ya fedha ya mita 10,000 jijini London mwaka 2012. Na mwaka 2025 Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa vyuo hivyo kukimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika tisa.

Orodha hiyo yapendeza, ila haisemi lolote kuhusu waliokuwa na miguu kama hiyo na wasionekane.

Tazama jinsi mambo yanavyoendeshwa kwa wenyeji. Kijana wa Marekani anayecheza besiboli hupelekwa na wazazi wake katika mashindano ya maonyesho yanayolipiwa, ambako kasi ya mpira anaorusha hupimwa kwa rada huku makocha wa vyuo wakitazama. Anahitaji kuonekana kwa macho, kwa kuwa ustadi wa kuupiga mpira si rahisi kuueleza kwa barua. Familia isiyo na pesa za safari huachwa nyuma.

Mwanariadha wa Kapsabet au Nyahururu hana haja ya gharama hiyo. Saa haina upendeleo. Dakika 14 za mita 5,000 zasomeka vivyo hivyo Eldoret na Oregon. Kocha aliye Marekani aweza kumpima bila kupanda ndege. Lakini lazima saa hiyo iwe imeandikwa mahali panapoaminika. Mashindano yetu mengi ya shule hupimwa kwa saa ya mkononi, na matokeo yakishasomwa kwenye kipaza sauti hupotea. Kocha wa kigeni hawezi kumpa mtu nafasi kwa uvumi.

Kwa hivyo, mwalimu wa michezo anayetaka kumsaidia mwanafunzi wake aanze na mambo manne. Kwanza, amwingize katika mashindano yanayopimwa kwa mitambo ya kielektroniki, na atunze matokeo pamoja na tarehe, mahali na kimo cha uwanja kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa makocha wanajua kwamba nyanda za juu hupunguza kasi ya mbio ndefu. Pili, ahakikishe cheti cha kuzaliwa kinasema kweli. Umri wa uongo ukigunduliwa humharibia na atakayemfuata. Tatu, amkumbushe masomo. Shirikisho la michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, hukagua matokeo ya shule ya upili kabla ya kumruhusu mtu kushindana. Nne, aandike barua pepe kwa kocha moja kwa moja, kwani anwani za makocha hao zimo katika tovuti za vyuo vyao.

Muda nao ni mali. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA zimekuwa zikimpunguzia misimu mwanariadha anayemaliza shule kisha akakaa zaidi ya mwaka mmoja akishiriki mashindano rasmi bila kujiunga na chuo. Kanuni hubadilika, hivyo zisomwe kwa NCAA yenyewe wala si kwa mdomo wa mtu. Wengi wetu hufikiria Marekani baada ya kijana kuzunguka miaka mitatu katika mbio za barabarani.

Madalali hawapendi mzazi ajue kwamba NCAA hairuhusu wakala kudai malipo yanayotegemea mwanafunzi kupata ufadhili. Anayesema "nitakata asilimia fulani ya ufadhili wako" humweka kijana katika hatari ya kufungiwa hata kabla hajafika. Aidha, nafasi ya chuo huthibitishwa na stakabadhi za chuo chenyewe: barua ya ufadhili na fomu ya I-20, inayoonyesha gharama za mwaka na nani atalipa nini. Mzazi aisome kwa makini. Ufadhili mwingi katika riadha ni wa sehemu tu, na pengo linalobaki laweza kuwa mamilioni ya shilingi. Malipo ya serikali ya Marekani, yaani Dola 350 za usajili wa wanafunzi wa kigeni na Dola 185 za viza, hayapitii mfukoni mwa dalali.

Hatujasahau kilio cha mwaka 2023, wazazi wa Uasin Gishu walipoandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada kupitia mpango wa kaunti, suala lililofikishwa mahakamani. Mpango huo haukuwa wa riadha, lakini funzo ni lile lile: shamba likishauzwa, halirudi.

Mambo yamekuwa magumu zaidi. Mapatano ya kisheria yaliyoidhinishwa nchini Marekani Juni 2025 yaliondoa ukomo wa idadi ya ufadhili katika vyuo vilivyoyakubali, yakaweka badala yake ukomo wa idadi ya wachezaji kikosini: 45 kwa riadha ya uwanjani na 17 kwa mbio za nyika. Chuo kinaweza kutoa ufadhili kwa wengi zaidi, lakini kocha hana tena nafasi ya kumweka pembeni kijana ambaye huenda akakomaa baadaye. Atamtaka aliye na ushahidi mkononi.

Inawezekana kufanya kazi hii kwa uadilifu. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na bingwa wa zamani Mike Boit pamoja na mwanahabari John Manners, umewapeleka wanafunzi wenye alama za juu katika vyuo mashuhuri vya Marekani. Lakini mradi mmoja hauwezi kubeba taifa.

Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026, ikiwa na mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Wizara ya Elimu na Riadha Kenya zingeanza na jambo dogo: daftari moja la kitaifa la matokeo ya mashindano ya shule, lililo wazi kwa kocha yeyote duniani. Halitahitaji uwanja mpya wala msafara wa maafisa. Siku daftari hilo litakapokuwepo, binti wa Pokot hatahitaji mjomba wa kumjulisha kwa mtu. Jina lake litajisomea lenyewe, na muda wake kando yake.