Taa ya Oili Ikiwaka, Pima Kwanza

Wakulima wenzangu, leo naweka pembeni mbegu na samadi, nasema juu ya gari. Kwa mkulima wa Unguja pikapu kuukuu ni zana ya shamba kama jembe. Ikilala njiani na mzigo, hasara ni mbili.

Msimu uliopita mkulima mmoja wa Bambi alinipigia simu yuko Mwera, anapeleka tungule Darajani. Injini imeshika. Nikamuuliza, "Kwani taa ya oili haikuwaka?" Akanambia, "Iliwaka wiki mbili nyuma, bwana shamba. Fundi akachomoa waya wake." Taa ikazimika, maradhi yakabaki. Tungule akaziuza pale pale barabarani kwa bei ya kutupa.

Mie yangu ilikuwa kinyume. Niliambiwa metali zimekwisha, injini ifunguliwe. Kumbe swichi ya presha ilikuwa imeliwa na kutu tu, si unajua hewa yetu ya chumvi. Geji ndiyo iliyoniokoa.

Kwa maoni yangu mafundi hawa wawili wana kosa moja: wote walikisia. Sisi shambani majani ya mpunga yakiwa manjano hatukimbilii urea, maana huenda ni virusi, na urea haitibu virusi. Gari nayo ni hivyo hivyo.

Basi taa ikiwaka njiani, simama na uzime injini hapo hapo. Usiseme "nifike kwanza". Subiri oili ishuke, kisha chomoa kijiti. Imepungua? Ongeza, halafu tafuta inakovuja. Inanuka petroli? Imekuwa nyepesi, imwage, na petroli inakoingilia patafutwe.

Kiwango kikiwa sawa, mwambie fundi afungue swichi, mahali pake afunge geji ya mkono, na injini ipate moto sawasawa. Ikiwa baridi geji hudanganya, kwa sababu oili bado nzito. Kwa magari mengi ya zamani, kipimo cha kukadiria ni paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Geji ikisoma vizuri, badilisha swichi, umemaliza. Ikisoma chini kweli, anza na kilicho rahisi: oili na filta, kisha chujio lililomo ndani ya sampu, kisha pampu. Metali ziwe za mwisho.

Na ile tabia ya kumimina oili nzito ili taa izime, tuiache. Ni panadoli hiyo. Namba ya geji hupanda, lakini metali iliyolika haijai, na asubuhi oili nzito huchelewa kufika juu ya injini.

Geji moja ni rahisi kuliko injini. Wenye pikapu wa kijiji kimoja changeni mnunue yenu. Fundi asiyetaka kupima, msimpe spana.