Jimbo Halina Mwenyewe ila Mpiga Kura

Imekuwa ada katika siasa zetu kuyaita majimbo ya uchaguzi ngome za vyama. Ngome hujengwa kwa mawe, na mawe hayana hiari. Mpiga kura anayo. Waliolisahau hilo walikumbushwa Msambweni, Kaunti ya Kwale, tarehe 15 Desemba 2020.

Kiti hicho kilibaki wazi mbunge Suleiman Dori alipofariki Machi mwaka huo. Marehemu alikuwa amekitwaa mara mbili, 2013 na 2017, kwa tikiti ya ODM. Kwa kuwa Rais Uhuru Kenyatta na Bw Raila Odinga walikwisha kupatana Machi 2018, chama tawala cha Jubilee hakikusimamisha mgombea. Uwanja ukaachiwa Bw Omar Boga wa ODM. Kura zilipohesabiwa, Bw Feisal Bader, mgombea wa kujitegemea, alikuwa na 15,251, naye Bw Boga 10,444.

Sisemi kwamba mshindi alikuwa mnyonge asiye na mtetezi. Aliyekuwa Naibu Rais, Dkt William Ruto, pamoja na Gavana Salim Mvurya walimpigia debe. Lakini vigogo walikuwa pande zote mbili, na ndiyo sababu nasema uamuzi ulibaki kwa wakazi wenyewe. Mapatano ya wakubwa jijini Nairobi hayakuweza kuwagawia kura zao mithili ya mirathi.

Tusisahau pia kazi ya sheria. Kwa miaka mingi kabla ya Katiba ya 2010, asiyeteuliwa na chama hakuruhusiwa kugombea ubunge. Aliyekerwa na chama kikuu cha kwao alikuwa na njia mbili tu: kukipigia kura chama asichokipenda, au kukaa nyumbani. Kifungu cha 85 kilimfungulia mlango wa tatu, na watu wa Msambweni wakaupitia.

Walimu wenzangu, wanafunzi wetu hukariri kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, kisha hurudi nyumbani wakasikia kwamba jimbo lao ni la fulani. Wataamini lipi? Tuwape mfano huu waupime wenyewe. Nanyi wanafunzi, mtakapofikia umri wa kupiga kura, mkiambiwa kwamba kwenu mambo yalikwisha kuamuliwa, ulizeni: yaliamuliwa na nani, nasi hatujapiga kura?

Mshindi naye asijidanganye kwamba amerithi ngome. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.