Habari za Nyumbani: Majiko ya Kale

Hapa Ujiji twakusanya majiko ya kale, watoto wetu wayaone: mafiga matatu, jiko la makaa la bati, na Primus ya shaba ya manjano, aliyoibuni Lindqvist wa Uswidi mwaka 1892. Baadaye yalikuja mengine ya mafuta ya taa, yaliyopakwa kijani na samawati. Kila rangi mpya ikaitia aibu ile ya jana.

Nasi tulikosa. Tulinunua la samawati, tukaliweka sebuleni wageni walione. Mama wa nyumba akarudi mafigani kukohoa moshi. Nyumba njema si mlango. Ewe baba, kabla hujanunua jiko, ingia jikoni, ukae hata maharage yaive, ndipo uchague.