Sumaku na Ukali wa Saratani ya Ini
Je, ukali wa saratani ya ini waweza kukadiriwa bila kumchoma mgonjwa sindano ya kutoa kipande cha ini? Ini hupata takribani robo tatu ya damu yake kwa vena itokayo utumboni. Lakini uvimbe wa saratani ianziayo humo hulishwa zaidi na ateri. Hivyo, dawa yenye gadolini ikiingizwa mshipani, picha za sumaku mara nyingi huonyesha uvimbe uking'aa mapema, kisha ukififia. Unaong'aa ukingoni tu, au wenye mipaka isiyo laini, hushukiwa kuwa mkali. Hata hivyo, dalili si ushahidi: kupenya kwa saratani katika mishipa midogo huthibitishwa kwa hadubini. Kwa maoni yetu, picha itangulie ili mpasuaji ajiandae. Hadubini ndiyo itoe hukumu.