Ramani ya Dhahabu na Mwenye Shamba

Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ardhi nayo ina daftari lake, nalo ni ramani. Lakini daftari halimfai mwenye mali ikiwa kalamu imeshikwa na mwengine, naye hajui kilichoandikwa. Hayo ndiyo yaliyowafika ndugu zetu wa Kakamega.

Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitangaza mipaka ya ardhi za wenyeji, zilizoitwa rizavu. Mwaka 1930 ikatunga sheria kwamba ardhi hizo ni zao milele, na kwamba kipande kikitwaliwa, sharti walipwe kingine cha kadiri ile ile. Haukupita muda, mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu wakamiminika, wengi wao walowezi waliovunjwa mgongo na kuanguka kwa bei za mazao. Wakachomeka vigingi mashambani mwa watu, na kila kipande kilichozungukwa na vigingi kikapata mwenyewe mpya katika makaratasi. Ramani ikalazwa juu ya ramani.

Disemba 1932 sheria ikageuzwa. Ardhi ya mgodi sasa yaweza kutolewa katika rizavu kwa fidia ya fedha tu, bila ya ardhi nyingine badali yake. Milele ile haikutimiza hata miaka mitatu! Kelele zilifika hadi Bunge la Uingereza mwaka 1933, lakini uchimbaji haukusita. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi mpaka mwaka 1952.

Amma kosa si la fani ya upimaji. Kupima ni amana, kama mizani ya muuza duka. Mpima hunyoosha mstari mmoja akaupima kwa mnyororo, kisha hupima pembe za vilima kwa chombo chake, na kwa hesabu akajua masafa ya mahali asipopakanyaga. Hesabu hiyo haisemi uongo. Lakini pia haiulizi ni kaburi la nani liko chini ya mgomba, wala ni nani aliyelilima bonde lile tangu enzi za babu. Hayo husemwa na wenyeji, na yasipoandikwa huwa kama hayakuwako.

Sisi wa Mwambao twayajua machungu haya. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye haki ajitokeze akadai. Pasipodaiwa pakawa pa serikali. Ni wangapi waliolala wenye mashamba wakaamka maskwota?

Leo Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali. Ni jambo jema. Lakini jamii hiyo ni ipi? Hujulikana kwa mpaka, na mpaka hujulikana kwa ramani.

Kwa hivyo twasema: kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa, iwe ni Kakamega, Migori au Kwale, ramani itandikwe barazani, isomwe kwa lugha ya watu wa pale, wazee waonyeshe makaburi, visima na njia, na nakala ibaki kijijini. Asiyeijua ramani ya shamba lake huambiwa na mgeni mahali pa kusimama.